Petroli ya Kinyozi wa Kimataifa

Siku hiyo mtaa wote wa Gurei ulikuwa na mjinga mmoja tu, na mjinga huyo alikuwa mimi, Lodu. Wengine walikuwa wakiendelea na kazi zao vizuri.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa tatu tangu mkataba wa amani utiwe saini. Kama kila Jumamosi, niliamka alfajiri, nikafagia kibanda changu cha mabati kando ya meza ya chai ya mama, nikapanga kiti, kioo na mashine ya kunyolea. Umeme wa mji haukufika kwetu, hivyo mashine ilitegemea jenereta ndogo. Mashine na jenereta zote zilikuwa za mjomba Ezbon. Aliniazima kwa sharti moja: "Nikisikia lalamiko lolote, nabeba vitu vyangu."

Nilikuwa na miaka kumi na minne na ndoto kubwa kama mlima wa Jebel Kujur. Wiki hiyo nilimpa mchora mabango pesa zote za petroli, naye akaniandikia ubao kwa rangi nyekundu: LODU KINYOZI WA KIMATAIFA. Rafiki yangu Malith, aliyekulia Nairobi, aliusoma akacheka hadi akashika mbavu.

"Kimataifa? Buda, hata Rejaf hapo jirani hujawahi kunyoa mtu!"

"Kaa kitini nikunyoe," nikamjibu. "Kichwa chako kitapata pasipoti."

Bado tulikuwa tunacheka wakati pikipiki iliposimama mbele yetu. Akashuka mwalimu wetu wa hesabu, Ustaz Fortunato, amevaa suruali ya suti na fulana ya ndani.

"Lodu, leo naoa. Kinyozi wangu wa mtaa wa Jebel amefunga, hana petroli. Malori yamekwama kwenye matope, njia ya Nimule mpakani. Hata pikipiki hii ina ya kunifikisha kanisani tu. Wewe unayo?"

Sikuwa nimetazama tangi tangu juzi.

"Ipo, ustaz! Kwa kinyozi wa kimataifa haikosi!"

Nilianza upande wa kushoto. Mashine iliimba, nywele zikaanguka, nami nikajiona nimefika Ulaya. Nilipofika katikati ya utosi, jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Kuna nini?" akauliza ustaz.

"Imepata joto, ustaz. Inapumzika kidogo."

Nilimpa Malith chupa tupu kwa siri, akatoka mbio kuelekea Jebel. Ustaz akatazama saa yake. Mwenye pikipiki akapiga honi.

"Lodu, fanya haraka, mwanangu. Ndugu za mchumba wangu Nyariek walinikubali kwa taabu sana. Wanasema mwalimu ni mtu wa maneno tu. Nikichelewa kanisani, watasema walijua tangu mwanzo."

Nilivuta kamba ya jenereta hadi kiganja kikachubuka. Nilisafisha mashine iliyokwisha safishwa. Nilipuliza nywele ambazo hazikuwepo. Malith aliporudi alikuwa anahema, na chupa ilikuwa tupu vilevile.

"Jebel kote kumekauka," akaninong'oneza. "Buda, umeisha."

Nikaanza kurudi nyuma polepole, nikiuelekea uwazi kati ya mabati.

"Wewe Lodu, unakwenda wapi?" Mama aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye birika.

"Chooni, mama."

"Choo iko huku."

Nikasimama. Mama alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie ukweli. Kila dakika unayodanganya ni ya harusi yake, si yako."

Nilirudi kitini.

"Ustaz, malesh, nisamehe. Jenereta haikupata joto, imeishiwa petroli. Pesa ya petroli nimeitia kwenye ubao ule."

Ustaz alikipapasa kichwa chake, upande wenye nywele, kisha upande usio nazo. Ningeona nafuu kama angenipiga.

Mama akaingilia. "Kule Koboko, tulipokuwa wakimbizi, babu yako alinyoa kambi nzima kwa wembe. Nani alikuwa akimsaidia?"

"Mimi. Lakini wembe ni mambo ya kambini, mama."

"Leta wembe mpya, ambao karatasi yake haijafunguliwa. Maji ya moto ninayo."

Nilinawa mikono, nikapaka povu, nikafungua wembe mbele ya macho ya ustaz. Mkwaruzo wa kwanza, nilikandamiza mno. Wa pili, nikasikia kama babu yuko nyuma yangu: vuta ngozi, usikandamize. Nilipozunguka sikio niliacha hata kupumua. Mwisho kichwa kizima kiling'aa kama sufuria mpya, na tone la damu halikutoka.

Ustaz alijitazama kiooni.

"Nyariek atanitambua?"

"Kwa suti, ustaz," akasema Malith.

Pikipiki ikaondoka, vumbi likabaki.

Jumatatu jioni mjomba Ezbon alifika. Harusini watu walikuwa wamemsimulia yote. Bila salamu aliinua jenereta. Kwa bahati, Ustaz Fortunato alikuwa akipita kutoka shuleni, upara wake ukimtangulia.

"Weka chini kwanza, Ezbon," alisema, kisha akanigeukia. "Lodu, sina ugomvi na ubao wako. Asiyejiona kinyozi hawezi kushika kichwa cha mtu. Lakini kujiamini ni kusema 'nitaweza', kisha ukaenda kutazama tangi. Wewe ulisema tu. Na ulipokwama ukaongeza uongo, ukanilia muda wangu. Kilichokuokoa ni ukweli, na kazi uliyoidharau."

"Nimeelewa, ustaz. Kesho nitanunua petroli kabla ya kitu chochote."

Mjomba aliiweka jenereta chini, lakini mkono wake ulibaki juu yake.

"Maneno matamu hayo, ustaz. Huyu ni mtoto, ana ndoto kubwa kuliko akili. Afadhali nimkatize sasa, kabla hajatuaibisha tena."

Ustaz Fortunato alijipapasa upara wake.

"Ezbon, huyu alininyoa nusu, akakiri, akanimaliza. Wewe unataka kumnyoa nusu, kisha uondoke na mashine?"

Mjomba akaondoa mkono wake kwenye jenereta.