Gauni la Pili Liko Mbale

Bushira alihamia Wanyange, Uganda, kwa sababu kodi za Jinja mjini hazishikiki, na kwa mgeni kutoka Mombasa aliyeajiriwa maabara ya kiwanda cha mafuta ya kupikia, vyumba viwili na kamba ya kuanikia nguo vilimtosha kabisa. Asubuhi bodaboda hadi kazini, jioni bodaboda kurudi. Mtu atake nini tena?

Mwenye nyumba aliishi ua huohuo. Watu walimwita Nabirye, jina la heshima la mama aliyezaa pacha, na pacha wenyewe walikuwa wasichana wa miaka sita, Babirye na Nakato. Siku ya kwanza tu alimpa mpangaji wake sharti moja.

"Dada, hapa kwetu ukipatia huyu, unapatia na huyu. Hata kama ni pipi. Siku ileile."

Bushira aliitikia, moyoni akacheka. Yeye ni mtu wa vipimo na chupa, na hayo aliyaona ushirikina mtupu.

Tatizo ni kwamba alimpenda Babirye. Nakato alikuwa mkimya, hodari wa kukodoa macho tu. Babirye alikuwa na maneno matamu, akikupanda pajani hashuki. Basi jioni moja Bushira aliona gauni la njano kwenye duka la Sunil, Jinja. Lilikuwa limebaki moja. Sunil akamwambia la pili liko Mbale, kwa mjomba wake Jashbhai. Bushira akalichukua hilohilo moja, akamwita Babirye chumbani, akafunga mlango, akamvisha.

"Tutaliweka hapa kwangu. Usimwambie mtu."

Walipogeuka, Nakato alikuwa dirishani.

"Yangu?" akauliza.

"Lako liko Mbale," Bushira akajibu upesi. "Jumamosi nakuletea."

Jumamosi alilala hadi saa sita, akafua, akajiambia wiki ijayo. Kila jioni alimkuta Nakato langoni akiutazama mfuko wake. Wiki ijayo ikamjia Nakato na homa. Kliniki wakasema malaria, dawa ikaanza, na siku ya nne mtoto hakuwepo. Majirani walimwonya Bushira asitamke kwamba amekufa, maana pacha hafi, huruka. Alipomshika Nabirye mkono kumpa pole alikuwa na neno la kusema, akalimeza. Usiku hakulala kwa aibu.

Siku ya tatu baada ya maziko, jua bado liko juu, alishuka kwenye bodaboda akahisi mfuko unavutwa kwa chini. Taratibu, anavyovuta mtoto. Akageuka. Hakuna mtu. Kesho yake tena, palepale langoni. Keshokutwa alipoufungua, mkate alioununua mzima ulikuwa umemegwa katikati, nusu kwa nusu.

Siku hiyohiyo Babirye akashikwa na homa.

Nabirye alikuja mlangoni, akanong'ona. "Dada, kuna mtu alipatia mmoja. Kama unajua, sema. Yule anakuja kuchukua mwenzake."

"Sijui, Nabirye. Wallahi sijui."

Aliapa kabisa, jina la Mungu mdomoni.

Asubuhi alipanda basi la Mbale. Alilikuta duka, akamkuta mzee Jashbhai nyuma ya meza akikunja vitambaa.

"Gauni ya njano? Ilikuwa moja, mama. Imechukuliwa jana."

"Na nani?"

"Mtoto wa kike, peke yake. Hana viatu, miguu yote udongo." Mzee aliacha kukunja. "Alisema shangazi wa Wanyange amemwekea hapa. Alisema amechoka kungoja."

Bushira hakukumbuka alivyorudi. Alimkuta Babirye ameketi, anakunywa uji, homa imekwisha. Nabirye alikuwa analia kwa furaha. Basi Bushira akanyamaza tena. Mtoto si amepona?

Babirye akampanda pajani, paja la kulia.

Kisha paja la kushoto likawa zito. Na baridi. Kitambaa cha sketi kilibonyea taratibu, kikatulia. Babirye akasogea kidogo, akampisha mtu nafasi.

Nabirye aliona.

"Dada," akanong'ona. "Ulimpatia nini?"

Safari hii Bushira alisema yote. Gauni, dirisha, Jumamosi, kiapo. Alilia akaomba radhi. Nabirye hakupiga kelele. Alimbeba Babirye, akamweka begani, akaenda mlangoni.

"Huyo kaa naye," akasema. "Wewe ndiye alikuwa anakungoja."

Akaufunga mlango.

Bushira amesharudi Mombasa, kwao Bamburi. Nguo zake hampi mtu afue. Lakini juzi mama yake alizianua kambani, akamwuliza kwa nini kila sketi ina duara la udongo mwekundu upande wa kushoto, wakati mtaa wao mzima ni mchanga mweupe.