Sikio la Eucabeth

Kila asubuhi Eucabeth alimpitia rafiki yake Sumayya dukani kwao, sokoni Kosele, wakaenda shuleni pamoja. Mwaka huo wa 1996 walikuwa darasa la sita.

Darasani hawakuketi pamoja. Sikio la kushoto la Eucabeth lilikuwa likitoka usaha, na la kulia nalo lilianza kuuma. Wenzake walimcheka kwa sababu ya harufu, hivyo akahamia dawati la nyuma kabisa, akajifunga leso kichwani na kunyamaza. Mama yake alipouliza, alisema amepona.

Siku moja Mwalimu Omanga alisoma imla. Eucabeth aliandika maneno machache, mengine akayabuni. Mwalimu alipoona daftari lake alighadhibika.

"Nakuita hata huitiki! Mkaidi wewe!"

Akamchapa viganjani, akamtoa nje apige magoti juani.

Sumayya alisimama. "Mwalimu, si mkaidi. Hasikii. Sikio lake linaoza."

Mwalimu alitoka nje, akachuchumaa kando ya Eucabeth, akaifungua ile leso. Harufu ikamfikia.

"Tangu lini, mtoto wangu?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Tangu muhula wa kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Wangenicheka zaidi, mwalimu."

Mwalimu alimpakia kwenye baiskeli, akampeleka nyumbani. Kesho yake yeye na mama wakampeleka hospitalini Homa Bay. Daktari alimpima kwa muda mrefu. Sikio la kulia lingepona kwa dawa. La kushoto halingesikia tena.

"Mngalikuja mapema..." daktari alisema, asimalize. Mama alilifunika sikio lile la kushoto kwa kiganja chake, akalia.

Eucabeth aliporudi shuleni aliketishwa mbele, karibu na Sumayya. Waliokuwa wakimcheka waliinamisha macho. Mwalimu Omanga aliingia bila kiboko.

"Mwili ukiuma, semeni mapema," alisema. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini huyu mwenzenu alificha kwa sababu yetu. Ninyi mlimcheka, mimi nikamchapa. Mtoto akiogopa kusema anaumwa, shule hiyo haimfundishi kitu."

Akasogea upande wa kulia wa Eucabeth, akainama.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusikia, mwalimu," Eucabeth alijibu, machozi yakimdondoka juu ya dawati.