Usingizi wa Mwalimu Demetria

Wasomaji, vueni kofia. Mnasimuliwa uponyaji mkuu kuliko wote uliopata kutokea Temeke, mwaka wa hamsini na nne. Unaanza kwa mwanamke kupigwa mgongoni.

Demetria, mwalimu wa Kinondoni, gauni la maua na viatu vyeupe, alikuwa sokoni Temeke akiulizia bei ya mwiko. Sauti ikamkwama katikati ya neno, kama kawaida yake. Romani, mchongaji wa miiko hiyo, akadhani ni mwiba wa samaki. Akamtandika kofi la mgongo.

"Umetoka?"

"Hau... haukuwemo," alisema Demetria, akaangua kicheko. Kicheko hakikukwama hata kidogo. Romani akampa mwiko bure, na tangu hapo kila Jumamosi akawa na safari ya Kinondoni.

Alipodokeza kwamba Jumapili atakuja na swali, Demetria alikimbilia kwa daktari. Daktari akamulika koo, asione kitu. Pengine ni neva, alisema, pengine sivyo. Akampa vidonge vya kutuliza, akamwonya kwamba vinaleta usingizi. Demetria alitaka "ndiyo" moja tu, nzima, isiyo na nyufa. Akameza.

Jumapili Romani alifika na suti ya kahawia, akapiga goti, akahutubia sakafu kwa kirefu. Alipoinua kichwa, mpenzi wake anakoroma, tena kwa sauti laini ajabu. Akachukua kofia yake, akaondoka.

Demetria alirudi kwanza kwa daktari. Akiviacha vile vidonge, atadhurika? Hapana. Ugonjwa unaitwaje? Daktari alikiri hajui. Demetria akapima: sauti laini usingizini, au sauti ya kukatika na macho wazi. Akaviacha vidonge mezani, akaenda Temeke.

"Nilimeza da... dawa, Romani. Nikujibu vizuri."

"Kumbe. Mie nilidhani maneno yangu yanachosha."

"Yana... yanachosha pia."

Romani akacheka mpaka patasi ikamponyoka. "Basi nikuulize tena, mpenzi?"

"Fu... fupisha."

"Nikuoe?"

"Ndi..." Sauti ikakwama. Romani akangoja, wala hakummalizia. Wateja nao wakangoja, miiko mikononi.

"...yo."

Hapa nimenaswa. Niliahidi uponyaji, na sauti haikupona. Nilijua hivyo tangu mstari wa kwanza, ila nani angevua kofia kwa ajili ya mwiko? Mkidai aliyepona, yupo Romani: hampigi tena mtu mgongoni kabla hajamaliza kusema.