Manjano ya Mzee Twaha

Ndugu zangu, pale kijijini Mpale jiko la Mwanaisha lilinukia kuliko majiko yote. Nyuma ya nyumba alilima manjano, mmea uliotoka Uhindini zamani, na alijua kuutumia: kwenye mchuzi, kwenye wali, na kwenye maziwa ya moto mafua yakibisha hodi. Mumewe, Mzee Twaha, alikula akasifu, na kila asubuhi akameza vidonge vyake vya kisukari. Nyumba ilikuwa na raha.

Ndipo ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu. Mtu asiyejulikana alisema manjano yanamaliza kisukari kabisa. Twaha akaamini. Vidonge akavitupia juu ya kabati, akawa anakunywa manjano asubuhi, mchana na jioni, mpaka ndevu zake nyeupe zikageuka njano. Watoto wa jirani wakamwita Babu Kifaranga. Mwanaisha naye alicheka, na wewe ungecheka.

Kicheko kilikatika Twaha alipojikata kidole cha mguu kwa jembe. Alikipaka manjano, akafunga kitambaa. Kidonda hakikukauka, kikaanza kunuka. Kiu haikumwisha, macho yakaingia ukungu. Kila Mwanaisha alipomsihi waende hospitali, alijibiwa kuwa dawa ya asili haitaki haraka.

Mwanamke yule hakuwa mgomvi. Lakini asubuhi moja alijifunga kanga, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Maryamu, manjano haya nimeyapanda mimi, nayajua. Yanakoleza mchuzi. Mguu ukikatwa, hayataotesha mwingine."

Twaha aliutazama mguu wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Niletee kandambili."

Hospitalini Korogwe, daktari alieleza kuwa sukari ilikuwa imepanda mno, na wangezidi kuchelewa mguu usingepona. Twaha alilazwa, akatibiwa, akarudishiwa vidonge vyake. Manjano hakukatazwa, aliambiwa ayale kwenye chakula, na akitaka kuyafanya dawa, aulize kwanza.

Kidonda kilifunga. Harusi ya binti yao Maryamu ilipofika, Twaha alimsindikiza kwa miguu yake miwili. Alipotaka kuongeza wali, Mwanaisha alimtazama tu. Sahani ikarudi mkekani, na watu wakacheka mpaka machozi.

Mafunzo

Mmea wa dawa ni neema, lakini usiache tiba ya hospitali kwa maneno ya mtu usiyemjua. Yeye hutuma ujumbe akalala usingizi wake; anayeugulia maumivu ni wewe, na anayekuuguza ni mkeo. Uliza kwanza, jamani.