Miche Niliyoinyoa

"Umeikata vichwa..."

"Nimeisawazisha tu, mingine ilikuwa..."

"...yote, hata mmoja hujauacha..."

"...mirefu, mingine mifupi, mke wangu, haipendezi."

Mimi ni kinyozi. Jicho likiona kitu hakilingani, mkono unawasha. Mke wangu alikwenda arusini kwa binamu yake, akaniachia miche ya nyanya nyuma ya nyumba, aliyoiotesha mwenyewe pembeni ya cherehani yake. Aliniagiza nimwagilie shinani, majani yasilowe, ning'oe na vichipukizi vya kwapani mwa majani. Nikafanya yote. Halafu nikaona bustani ina vichwa timtimu, nikachukua mkasi, nikaikata usawa mmoja kama wanafunzi siku ya kufungua shule.

Aliporudi na kuiona, hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.

"Miche tu imekushinda," alisema. "Na kila siku unaniambia tuzae."

Akaingia kupanga nguo zake kwenye begi. Alipomaliza akanionyesha meseji aliyomtumia mama yake: "Mama njoo unichukue, nimechoka naye." Na jibu: "Nakuja kesho."

Jioni alitoka kuanua nguo kambani, akanikuta nimechuchumaa bustanini. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia naomba msamaha, mche mmoja mmoja. Akajikaza asicheke, ikamshinda.

Akachuchumaa na yeye. Akanionyesha chini ya pale nilipokata, kwapani mwa jani, kichipukizi kipya. Hicho kisiguswe, akasema, ndicho kitakachopanda juu badala ya kichwa.

"Kwa hiyo haijafa?"

"Imechelewa tu. Leta vijiti."

Nikashika vijiti, yeye akafunga kwa vipande vya kitambaa, fundo legelege, shina lipate nafasi ya kunenepa. Kwenye mche wa mwisho mkono wake ukabaki juu ya wangu. Nikamwambia safari nyingine nitauliza kwanza.

"Uliza," alisema. "Hasa ukijiona unajua."

Asubuhi mama mkwe akabisha hodi. Mke wangu akamuwahi mlangoni, akamwambia kwa aibu kwamba tumeshapatana, amsamehe kwa usumbufu. Mama alikuwa na begi kila mkono.

"Afadhali," alisema, akinitazama mimi, si binti yake. "Maana sina nyumba ya kumrudisha. Nimemwacha baba yenu. Naomba nikae kwenu, mwanangu."