Mawe Mekoni mwa Sabina Mulvey

Chai ilipoa kabla Noreen Gilheany hajaifikisha mdomoni. Alitazama mekoni, mboji, yale matofali ya udongo mkavu wa kinamasi wanayochoma badala ya kuni, ilikuwa inawaka vizuri tu, lakini aliponyoosha mikono hakuhisi joto hata kidogo. Kwenye susu, bintiye mchanga Sorcha alikuwa amegeuka bluu midomo.

Na asubuhi ile alikuwa na furaha ya kupita kiasi! Alikuwa ametoka Dublin akaja kukaa Leitrim, mashambani, kwenye nyumba ya mababu, ili aufukue ukoo wake. Basi bibi kizee mwenye shali iliyolowa chapachapa akasimama mlangoni, akamuuliza kama wazee wa kule wanavyomuuliza kila mgeni: "Wewe mtoto wa nani?"

Mwingine angemtaja baba yake, yakaisha. Noreen, kwa kiherehere cha kujionyesha, aliwapanga wote: "Mimi wa Eamon, wa Hughie, wa Bartley, wa Thady Gilheany aliyeijenga nyumba hii!"

"Aliyeijenga?" bibi alicheka kicheko kikavu, akapita ndani. Noreen alipogeuka kumvutia kiti, hakumwona.

Sasa huko mekoni kukaanza kugongwa, ko, ko, ko, kama mtu anayepanga mawe, na harufu ya sufu iliyolowa ikajaa chumbani, Noreen akamnyakua mtoto, na kila kishindo kilipolia Sorcha alizidi kuwa mzito na baridi kifuani pa mama yake, hata Noreen akatoka mbio pekupeku kwenye theluji, hadi kwa jirani, mzee Packie Mulvey.

"Packie, fungua! Mtoto ananifia!"

Mzee alifungua kipande cha juu tu cha mlango. Joto la moto wake lilimpiga Noreen usoni.

"Umemtajia yule bibi jina la Thady?" alinong'ona.

"Kwani yule bibi ni nani?"

"Shusha sauti. Sabina, aliyemzaa baba wa babu yangu. Nyumba ile aliijenga mumewe. Alipofiwa, mwenye ardhi akamtimua, na huyo Thady wako akaingia kabla majivu hayajapoa. Kabla ya kutoka, Sabina alijaza mawe mekoni badala ya mboji, akapiga magoti, akaapa: mpaka mawe haya yawake, damu ya Thady itakayojitaja kwangu isipate joto. Akatoka kwenye theluji na mwanawe mchanga mgongoni, mkubwa akimfuata. Alibisha kila mlango. Wa kwanza kubishwa ulikuwa wa Thady, na hakuufungua."

"Wewe ni damu yake, Packie. Sema umetusamehe. Neno moja tu, baba yangu!"

Packie alimtazama Sorcha.

"Huyu hana kosa," alisema.

"Hana! Hana kabisa!"

"Hata yule mtoto wa Sabina aliyefia mtaroni hakuwa nalo. Na miaka yote mmepita hapa mkitupungia mkono, mkijidai."

Akafunga mlango, akatia komeo.

Noreen aligonga kwa kiwiko, akalia, akamtukana, akambembeleza. Nyuma yake shali iliyolowa ilimgusa bega, na sauti ya upole, ya mama aliyelea, ikamwambia sikioni:

"Umechoka, mwanangu. Nipe nimbebe."

Noreen alitaka kumkumbatia Sorcha kwa nguvu zake zote. Lakini mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, na vidole vikaanza kuachia.