Tochi ya Tomohiro

Hili lilimkuta rafiki yangu Tomohiro, ninayefanya naye kazi hapa Nagasaki, na mpaka leo akilisimulia huangalia chini.

Ilikuwa jioni ya sikukuu ya wafu, ambapo roho za marehemu hurudi nyumbani, ya kwanza tangu baba yake afariki. Mama yake, Bi Fumie, alizima taa zote akatoka uani kutafuta kibiriti.

"Usiwashe chochote mpaka niwashe kandili ya baba yako," alimwambia. "Ataifuata taa."

Lakini Tomohiro ana tangi la samaki wa baharini sebuleni, na giza kama lile ndilo la kunasia planktoni, vidudu vidogo kama chembe za chumvi, ili avitambue kwa hadubini. Akachomoa plagi ya pampu. Maji yakatulia, nyumba ikawa kimya. Akawasha tochi kwenye kioo, vidudu vikaanza kuufuata mwanga. Akashusha mrija avinyonye.

Ghafla vyote vikatawanyika. Ndani ya maji, mtu akakohoa, kisha akasafisha koo, kama baba yake alivyozoea akivua viatu mlangoni.

"We Tomo!" Mama alikuwa nyuma yake, kandili mkononi, haijawashwa. "Nini hicho?"

Uso ukamwaka kwa aibu. "Pampu tu, mama. Imezeeka."

Bi Fumie akaitazama plagi iliyolala sakafuni. Hakumgombeza. Akapiga magoti mbele ya tangi, akainamisha kichwa.

"Tusamehe, baba Tomo," akasema. "Mtoto ndiye aliyetangulia kuwasha."

Ndani ya maji, kikohozi kikaitikia.